Konokono Mweupe na Koti la Mkurugenzi

Tangazo lilisomwa Jumatatu asubuhi, watumishi wote wa idara ya viumbe vya bahari wakiwa wamesimama: kuanzia siku hiyo, konokono wote wa vilindi vya bahari wangeainishwa upya na kugawanywa kwa haki katika mikoa yote, pamoja na mikoa isiyo na bahari. Mikoa hiyo ilikuwa imelalamika kwa muda mrefu, na serikali ni sikivu. Makofi yakapigwa.

Mama Chupa hakupiga makofi kwa sababu alikuwa ameshika chupa. Miaka ishirini na sita alikuwa mtunza ghala la vielelezo, chumba kilicho chini ya ngazi: konokono elfu mbili ndani ya spiriti, kila mmoja na lebo ya jamii yake, kina alikotolewa na upande wa bahari. Kipenzi chake alikuwa konokono mmoja mweupe, saizi ya punje ya mahindi, aliyevuliwa mita elfu tatu chini. Alitumia miaka kumi na moja kumlinganisha na wenzake wote hadi akathibitisha kwamba huyu ni jamii ya peke yake. Hakukuwa na mwingine kwenye ghala lolote duniani.

Sasa Kanuni ya Saba ya uainishaji huo ilikuwa wazi kabisa. Kiumbe atakayetembelewa kituoni kwake mara tatu, saa za kazi, asionekane, ahesabiwe hayupo na afutwe kwenye rejesta. Ganda tupu si ushahidi. Chupa za waliofutwa zingemwagwa Ijumaa ya wiki ya pili, kwa saini ya Mkurugenzi.

Afisa Mkaguzi, mtu mwadilifu asiyejua utani, hakumpendelea yeyote. Siku tatu mfululizo alikwenda ufukweni, akayatazama maji kwa robo saa, akaandika mbele ya jina la konokono mweupe: "Hakuonekana."

"Baba, huyo anaishi mita elfu tatu chini," Mama Chupa alimwambia. "Ulitaka aje akupungie mkono?"

"Mama, ratiba ya ziara ilitolewa mapema."

"Ilitolewa wapi?"

"Kwenye ubao wa matangazo, pale mlangoni."

"Na huyu niliye naye humu kwenye chupa? Si unamwona kwa macho yako?"

"Namwona. Lakini yuko nje ya kituo chake."

Ikabaki fomu ya pingamizi, nayo ilihitaji saini ya Mkurugenzi. Jumanne ya wiki ya pili Mama Chupa akapanda hadi ghorofa ya tisa kwa miguu, maana lifti ilikuwa kwenye mchakato. Katibu muhtasi akamwonyesha koti la kijivu lililoning'inia kwenye kiti.

"Ametoka kidogo, Mama. Si unaona koti lake?"

Jumatano koti lilikuwepo. Alhamisi lilikuwepo pia, na safari hii Mama Chupa akasogea karibu. Mabegani lilikuwa na vumbi la kuandikia jina, na mfukoni buibui alikuwa amejenga.

"Mwanangu, mara ya mwisho ulimwona lini?"

Katibu muhtasi akainamisha kichwa. "Mama, mimi nimeajiriwa mwaka juzi tu."

Mama Chupa alirudi ghalani, akakaa kwenye stuli mbele ya konokono wake, akalia. Miaka kumi na moja ilikuwa inakwenda kumwagwa kwenye sinki. Alipomaliza kulia akajifuta kwa khanga, akachukua fomu ya ukaguzi na kuijaza kwa mwandiko wake mzuri wa lebo. Kituo: kiti, ghorofa ya tisa. Ganda: koti, la kijivu, moja. Mkazi: hakuonekana, ziara tatu, saa za kazi.

Afisa Mkaguzi aliisoma mara mbili. "Ushahidi wa ziara?"

"Kitabu cha wageni. Katibu muhtasi ametia saini zote tatu."

"Lakini kanuni inasema kiumbe."

"Kwani Mkurugenzi si kiumbe? Niambie, nimpelekee maneno yako."

Kijasho chembamba kilimtoka Afisa Mkaguzi. Akagonga mhuri.

Ijumaa Mkurugenzi alifika mwenyewe, kwa kuwa Waziri angekuja na kamera kushuhudia chupa zikimwagwa. Mlinzi akalitafuta jina lake kwenye rejesta, akalikosa, akampa kitambulisho cha mgeni. Alipofika ghalani alikuwa ameishiwa pozi.

"Mama, mchezo gani huu? Mimi si huyu hapa? Hunioni?"

"Nakuona, mheshimiwa. Tatizo uko nje ya kituo chako."

"Basi nipe chupa nisaini, Waziri yuko njiani!"

Wote wawili wakamtazama Afisa Mkaguzi aliyekuja kusimamia umwagaji, naye akafungua kanuni na kusoma kwa sauti ya huzuni. "Anayesaini ni Mkurugenzi. Kwa sasa hatuna. Chupa zibaki zilipo."

Mama Chupa akamvutia mheshimiwa stuli, akampa fomu ya pingamizi na kalamu.

"Hii nikishajaza naipeleka wapi?" Mkurugenzi aliuliza.

"Ghorofa ya tisa. Inahitaji saini ya Mkurugenzi."

"Na nisipomkuta?"

"Subiri tu, atakuwa ametoka kidogo," alisema Mama Chupa. Akageuka kulitundika koti la kijivu, alilokuwa amelishusha kutoka ghorofa ya tisa, kwenye msumari kando ya konokono mweupe, akaliandikia lebo: Ganda moja. Mkazi hajulikani.