Mke Wangu Aondolewe Darasa la Uchumi

Kwa Mkuu wa Chuo cha Jioni,
Nakuru Mjini.

Mheshimiwa Mkuu,

Pokea salamu nyingi kutoka Kiamunyi. Mimi ni mzima, ila nyumba yangu imevamiwa na elimu. Mke wangu, Linah, alijiunga na chuo chako Januari kusoma mambo ya mwanzo ya fedha, uchumi na sheria ya mali. Nilimruhusu mwenyewe, nikidhani atarudi na cheti tu. Kumbe Mwalimu Akoth huwapa wanafunzi maswali ya kufanyia nyumbani na kuwaambia watafute mifano huko huko kwao. Kwetu, mheshimiwa, mfano ni mimi. Naomba usome malalamiko haya ukiwa umeketi.

1. Chapati. Linah amefundishwa kwamba kadiri mtu anavyoongezewa kitu, ndivyo raha ya kile kinachofuata inavyopungua. Sasa ananipa mbili, kisha anafunika sahani, kwa sababu ya tatu eti haitanifurahisha vya kutosha. Mheshimiwa, ingenifurahisha sana. Niko tayari kuja kufanyiwa majaribio mbele ya wanafunzi wote, chapati zikitolewa na chuo.

2. Mbuzi. Katika mahari nilibakiza mbuzi jike mmoja, na baba mkwe kule Kuresoi alikuwa amemsahau kabisa. Linah alipofika kwenye riba juu ya riba, akampigia mzee simu wafanye swali pamoja. Walilifanya kwa furaha kubwa: mbuzi angezaa, watoto wake wangezaa, na wajukuu vilevile. Leo nadaiwa kundi ambalo halijawahi kukanyaga dunia hii, na mzee ameshaanza kulijengea zizi.

3. Shemeji yangu Kipngetich alikuja kututembelea miaka tisa iliyopita, na bado yuko kwenye chumba cha uani. Linah, dada yake, akamsomea kwamba mtu akikalia ardhi ya mwenzake waziwazi miaka kumi na miwili, bila ruhusa na bila kufukuzwa, anaweza kuiomba mahakama impe. Maneno yaliyomkaa kichwani ni hayo ya bila ruhusa. Tangu siku hiyo nikimwambia karibu chai, anaziba masikio na kukimbia. Juzi niliazima kipaza sauti cha kanisa nikamkaribisha nacho, akajificha nyuma ya tangi la maji mpaka nikachoka. Chai anakunywa, lakini kwanza lazima aiibe.

4. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nina shamba la viazi Mau Narok, nililoachiwa na marehemu mama. Nilipata mnunuzi, na kwa hela hizo ningenunua pikapu nyekundu ambayo hata usingizini huwa naiendesha. Kama ilivyo kawaida tukaenda mbele ya wazee wa bodi ya ardhi, wanaoidhinisha mauzo, na mke akaulizwa kama amekubali mumewe auze. Wake wengine hujibu ndiyo na kuketi. Linah aliomba chaki. Akachora viazi vya misimu kumi upande huu, pikapu inayozeeka upande ule, akawauliza wazee ni kipi wangemwachia mtoto. Wazee wakapiga makofi. Mmoja akamwomba arudie ile sehemu ya kuzeeka, maana na yeye ana pikapu. Mauzo yakakataliwa, nami nikarudi Kiamunyi na ekari zangu zote. Aibu iliyoje!

Kwa hivyo naomba Linah aondolewe darasani mara moja, na arudishiwe ujinga wote aliokuja nao, ukiwa katika hali nzuri. Maswali ya uchumi yasiruhusiwe kutoka nje ya lango la chuo. Ikishindikana, basi chuo kimlipie wakili kila mume wa mwanafunzi.

Nisalimie walimu wote, walinzi, mama anayewauzia mandazi, na hata Mwalimu Akoth, ingawa namwogopa.

Ni mimi, mwenye shamba kwa kulazimishwa,
Kiptanui.

Tanbihi: Jana nilienda Mau Narok kuvuna. Nilipomaliza mstari wa kwanza niliketi pale kwenye udongo wa mama nikalia kidogo, kwa furaha tu, kwamba bado ni wetu. Tafadhali usimwondoe Linah. Yule mnunuzi amepiga simu tena leo asubuhi, bei ameipandisha, na mimi najijua: nimeshamwambia aje Jumatatu. Mharakisheni Linah afike kwenye somo la mikataba kabla ya hapo.