Muwa Laini kwa Ajili ya Mama

Jumatatu, 3 Juni
Miaka tisa! Miaka tisa nachavusha maua ya miwa hapa kituo cha utafiti, nikitafuta muwa laini ambao Mama, mwenye meno mawili yasiyokutana, ataweza kuutafuna. Nimeupata. Mstari wangu, katikati ya mistari mingi. Shida ni mkubwa wa kituo. Yeye anataka miwa isiyohitaji maji mengi wala dawa, iliyosimama kama askari. Ijumaa anachagua. Itakayopita itagawiwa wakulima, itakayokataliwa itachomwa. Na hata pingili moja haitoki getini. Mlinzi hupekua mpaka soksi.
Mama kauliza kama leo nitakaa naye. Nimemwambia Ijumaa.

Jumanne, 4 Juni
Mpango! Mstari unaofuata wangu ni wa Bwana Kipimo, mtafiti mwenzangu, mtu asiyeonja hata chai bila kupima sukari. Wake utapita, kila mtu anajua. Na mkubwa ana goti bovu: huchagua kwa kusoma vibao akiwa ndani ya gari. Basi nimebadilisha vibao. Sifa zitakwenda kwa Kipimo, muwa utakwenda kwa Mama. Nimejipongeza kwa kikombe cha pili. Mama hakugusa chake.

Alhamisi, 6 Juni
Mvua na upepo! Mstari wangu umelala chini wote, kama walevi. Ule wa Kipimo, hata jani halijapinda. Nikakimbilia kurudisha vibao. Nimechelewa. Kipimo alikuwa keshafika, kashika kichwa, anasoma jina lake kwenye mstari uliolala. Miwa yote hiyo ni ya ukoo mmoja. Hata sisi tulioizaa tunaitambua kwa kibao. Kaniambia, kaka, sijui nimekosea wapi. Nimempa pole.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeshinda! Makofi! Kipimo kanipa mkono, macho yamelowa, akasema muwa wangu mgumu kama rungu, hongera sana. Nimeshukuru.
Kisha mbio hadi kwenye lundo la kuchomwa. Pingili moja ndani ya mguu wa suruali. Getini nikachechemea. Mlinzi kanihurumia, hakunipekua, kaniambia mzee, goti hilo lipeleke hospitali.
Mama kanyonya kidogo. Katabasamu! Kasema tamu, haya sasa keti, mwanangu, tuzungumze. Nikamwambia angoje kidogo, nikalete nyingine kabla hawajawasha moto.
Niliporudi na mbili, jirani alikuwa amesimama mlangoni. Hakunipisha. Alinikumbatia.

Jumapili, 16 Juni
Waombolezaji wameondoka. Amebaki mama mdogo, mdogo wake Mama. Kasema nimekonda. Kasema nikae naye wiki hii, ana habari za utoto wa Mama ambazo sijapata kuzisikia. Alipokuwa akila mkate nikamwona anatafunia upande mmoja. Jino linacheza!
Zile pingili mbili nimezipanda nyuma ya nyumba. Zikitoa maua, nitazichavusha na ule mgumu wa Kipimo. Nitapata muwa laini, tena unaosimama! Miaka tisa tu. Mama mdogo ana themanini na moja, bado imara.
Ameniita ndani mara mbili. Nimemwambia nakuja.