Kompyuta ya Kuonjwa kwa Bati

Yustus Kaijage alikuwa na macho mawili kama wewe na mimi, ila lake moja lilifanya kazi kila siku, hata Jumapili wakati wa mahubiri. Jicho hilo ndilo lililoliona boksi.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka wa tisini na saba. Kambi za wakimbizi zilikuwa zimefungwa, na mtunza stoo mmoja alikuwa akibadilishana na watu vitu vilivyobaki: turubai kwa mbuzi, madumu kwa kuku, sufuria la uji kwa chochote kinachopumua. Kila kitu kilimpata mtu wake, isipokuwa boksi moja kubwa jeupe ambalo lilikuwa halijafunguliwa. Watu walilizunguka, wakaliulizia kwa adabu, wakaliacha. Hakuna aliyeweza kulipikia wala kulichotea maji.

"Hiyo ni kompyuta," alisema mtunza stoo. "Ina mfumo mpya kabisa. Hata wenyewe wameondoka bila kuujaribu."

"Unataka nini?"

"Naezeka nyumba. Nataka mabati."

Jicho la Yustus likaruka milima hadi Rugu, nyuma ya nyumba ya nyasi ya mama yake. Mama Auleria alikuwa amenunua mabati yake moja moja kwa miaka mingi. Kahawa ikipanda bei, bati, ikishuka, sala. Sasa yalikuwa yametimia, yakingoja fundi. Mwenyewe alikuwa Bukoba akimuuguza dada yake, na angerudi kabla ya masika.

Hapo Yustus akapiga hesabu ya wajanja, ambayo ina kujumlisha tu. Achukue mabati leo, kompyuta imzalie mengine maradufu, ayarudishe ya mama kabla mama hajashuka kwenye basi. Nani atakuwa ameibiwa? Hakuna. Na kama mambo yangekwenda kombo? Masika yangemkuta mama chini ya nyasi zinazovuja, na Mama Auleria alikuwa mwanamke ambaye hata mchungaji alimwamkia kwa tahadhari.

Boksi likahama. Mabati nayo yakahama. Karatasi ya kuthibitisha hayo haikuandikwa, kwa maana wote wawili walikuwa waungwana.

Yustus akaelekea Nkwenda, kwa sababu Nkwenda kulikuwa na soko, wanunuzi wa mazao, na jenereta la Mzee Telesfori. Mzee huyu, mwenye nyumba ya wageni, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kuwa wa kwanza. Alikuwa wa kwanza Nkwenda kuvaa saa ya mkononi, wa kwanza kuweka jino la dhahabu, na wa kwanza kuunguza jenereta, ndipo akanunua la pili.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unauza dawa gani?"

"Siuzi dawa, Mzee wangu. Nimeleta heshima."

"Heshima siku hizi inauzwa kwa kilo au kwa debe?"

"Inaonjwa," alisema Yustus, akapunguza sauti. "Humu ndani mna mfumo mpya wa kompyuta. Bukoba haujafika. Mkuu wa wilaya hajauona. Msimu ujao kahawa yote itapita kwenye mfumo huu, na mtu ambaye haujamzoea, kahawa yake itaota majani ndani ya gunia. Nimetumwa niwaonjeshe watu wachache wenye akili. Ada ni bati moja tu kwa mtu."

"Bati?"

"Serikali haitaki tena noti, Mzee. Noti zinachanika."

Mzee Telesfori alipiga kelele jenereta liwashwe.

Sasa ukweli ni kwamba Yustus naye alikuwa hajawahi kuuona mfumo huo. Alichojua kuhusu kompyuta alikiokota mjini Kayanga, alipokuwa akifagia ofisi moja ambako karani alikuwa nayo ya zamani: kioo cheusi kama usiku, herufi nyeupe, nayo haifanyi kitu mpaka uiandikie amri. Yustus alikuwa amekariri amri mbili, na kwa amri hizo alitegemea kula Kyerwa yote. Kwa hiyo alipobonyeza kitufe alikuwa akingoja giza.

Likatokea anga. Anga la buluu lenye mawingu meupe, kama la Rugu mvua ikishapita.

"Mbona kuna mawingu?" aliuliza Telesfori.

"Inasalimia," alijibu Yustus, jasho likimtoka kwapani.

Anga likaondoka, pakaja kijisanduku chenye maneno ya Kizungu, na ndani yake nafasi tupu yenye kijistari kinachopepesa. Katika maneno yale Yustus alilitambua moja: jina.

"Inataka jina la mtu wa kwanza! Karibu kiti, Mzee."

Telesfori akakitazama kile kijistari. Kikampepesea. Akarudisha mkono wake mfukoni pamoja na saa yake.

"Mimi nitakuwa wa kwanza," alisema, "baada ya mtu mwingine."

Wakati huohuo Kantengwa alikuwa akiingia na kibuyu cha rubisi kichwani. Alikuwa mjane mwenye asili ya Rwanda, na pombe yake ya ndizi ilisifiwa na watu walioapa kanisani kwamba hawanywi.

"Kantengwa!" Telesfori akaita kwa furaha ya mtu aliyeokolewa. "Wewe ndiye mwonjaji wetu. Hebu tuonjee na hii."

"Ina sumu?"

"Ndilo tunalotaka kujua."

Kantengwa akatua kibuyu, akakaa. Kwa kidole kimoja, akitafuta herufi kama mtu anayechambua mawe kwenye maharage, akaandika KANTENGWA. Kisha akakishika kile kidude chenye mkia ambacho Yustus alidhani ni cha akiba, akakisukuma mbele na nyuma juu ya meza kama anayesaga ulezi. Mshale ukakimbia kwenye kioo.

"Kinamtii!" alisema Telesfori.

"Nilitaka kuwaonyesha hilo," alisema Yustus, ambaye ndiyo kwanza alikuwa analijua.

Kantengwa alipoona hajafa, Mzee Telesfori akakaa, akatoa bati lake, na mpaka jioni Nkwenda nzima ilikuwa imeambiwa kwamba yeye ndiye wa kwanza kuonja mfumo mpya.

Siku zilizofuata biashara ilichanganya. Watu walikuja na mabati begani. Kila mmoja Yustus alimwandikia KARIBU na jina lake kwa herufi kubwa, akaachiwa asukume mshale mpaka mwenzake akohoe mlangoni. Kisha walitoka nje wakatoa maoni, maana binadamu akishalipia kitu hawezi kusema hajakielewa.

"Nyumba ile ina madirisha mengi kuliko milango," alisema mnunuzi wa maharage. "Nikifunga hili, linafunguka lile."

"Ilinionyesha kijiglasi cha mchanga, nikangoja, nikangoja," alisema mwenye mashine ya kusaga. "Hapo nikajua kweli ni ya serikali."

Mwalimu wa kwaya ndiye aliyegundua pipa la taka ambalo kilichotupwa humo hurudishwa kikiwa kizima. Alitoka amevua kofia. "Mfumo huu umeokoka," alisema.

Kantengwa alikuja kila siku na kibuyu chake, akasimama nyuma, akatazama. Aliona jambo ambalo Yustus pia aliliona, ila hakulipenda: kila asubuhi mashine ikiwashwa, kabla ya kumruhusu mtu yeyote, ilitoa kijisanduku kilekile chenye jina lilelile. KANTENGWA. Yustus alijaribu kulifuta. Alijaribu amri zake mbili. Mashine ilimtolea mlio kama mbuzi aliyekanyagwa, na asubuhi ikarudi na KANTENGWA.

Siku ya gulio, rundo la mabati nyuma ya nyumba ya wageni likiwa maradufu ya lile la mama yake, Yustus akaona wakati umewadia. Alichagua siku ya gulio makusudi, ili kelele za soko zimfiche. Akakodi mkokoteni, akapanga mabati, akaketisha kompyuta juu yake kama bibi harusi, akaanza kusukuma.

Msomaji, kama umewahi kusukuma mabati kwenye barabara ya mawe, unajua. Soko zima likanyamaza kusikiliza.

"Simama hapo!" Mzee Telesfori alikuwa akija mbio, kanzu imekunjwa. "Unaipeleka wapi? Ili watu wa Omurushaka nao waonje?"

"Naipeleka kusafishwa, Mzee wangu."

"Na mabati nayo ni machafu?"

Umati ukajaa, na katikati yake akatokea Pastory, mwenyekiti wa kijiji, mtu mpole aliyeogopa jambo moja tu, nalo ni kuitwa na polisi.

"Polisi wanatafuta mali za kambini," alisema. "Wameniambia nitakayemkuta nazo bila karatasi nimfikishe kituoni Kayanga. Kitu hiki ni cha nani?"

Yustus akafungua mdomo. Ulimi wake, ambao ulikuwa haujawahi kumwangusha, ukalala. Akisema ni yake, ataulizwa karatasi.

"Ni changu," ilisema sauti nyuma.

Kantengwa akapita katikati ya watu, akifuta mikono kwenye kitenge.

"Chako?" Pastory akashangaa. "Kwa vipi?"

"Nilikuwa nikikoroga uji kambini. Wazungu walipofunga virago wakaniachia. Nikamwajiri kijana huyu anitembezee."

"Una karatasi?"

"Mwenyekiti, nikileta kibuyu, nani huonja kwanza?"

"Wewe. Mwenye pombe ndiye huonja kwanza, wageni waone haina sumu."

"Kuna mgeni aliyewahi kuonja kabla ya mwenyewe?"

"Haijatokea."

"Haya. Kompyuta hii ilionjwa kwanza na nani?"

Watu wote wakamgeukia Mzee Telesfori, aliyekuwa amewaeleza habari hiyo mpaka wameichoka. Telesfori akamtazama Pastory. Akafikiria Kayanga. Akafikiria saa yake mikononi mwa polisi.

"Mimi?" alisema. "Mimi nilikuwa wa pili! Wa kwanza ni huyu mama, naapa!"

"Na kama mnadhani sisi ni waongo," alisema Kantengwa, "irudisheni kwenye umeme, iulizwe yenyewe."

Kompyuta ikarudishwa, jenereta likanguruma, mawingu yakapita. Kijisanduku kikatokea. Mwalimu wa kwaya akasoma kwa sauti ya mbele ya madhabahu: "KANTENGWA."

"Loo! Inamjua mwenyewe," watu wakasema.

Pastory akamgeukia Yustus. "Kijana, ni kweli huyu mama amekuajiri?"

Upande mmoja kulikuwa na Kayanga, upande mwingine Kantengwa, na kwa mara ya kwanza maishani Yustus aliona Kayanga ni karibu mno.

"Ni kweli, Mwenyekiti. Ni bosi wangu."

"Kijana mzuri," alisema Kantengwa. "Basi mapato yangu nayo yashusheni kwangu. Taratibu, msiyapinde."

Mwenyewe alipojulikana, Mzee Telesfori alipata moyo. Kabla gulio halijavunjika alikuwa amempa Kantengwa ng'ombe mwenye mimba na kuichukua kompyuta, akawa mtu wa kwanza Nkwenda kumiliki kompyuta baada ya mtu mwingine.

Yustus alimfuata Kantengwa mpaka uani, akapiga magoti.

"Mama, nakuomba. Kati ya yale mabati kuna deni la mama yangu mzazi. Nilichukua yake bila kumwambia, na masika ndiyo haya. Atalowa, Mama."

Kantengwa akamsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa kupendezwa.

"Uongo huo ni mzuri," alisema. "Ni mzuri kuliko ule wa kahawa. Unajua kuezeka?"

Yustus aliezeka nyumba ya Kantengwa mpaka bati la mwisho. Ujira wake, baada ya majadiliano marefu, ulikuwa nyasi zilizoshushwa kwenye paa la zamani. Alizifunga mzigo, akazibeba kichwani hadi Rugu.

Mama Auleria alikuwa amesharudi. Alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, akitazama mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mabati yangu yako wapi?"

Yustus akatua mzigo, akapangusa uso. Ulimi, mnyama yule asiyejifunza, ukaamka.

"Mama, umeshasikia habari za mfumo mpya wa kuezeka? Bukoba haujafika. Unatumia nyasi zilizokwisha kuzoea mvua. Bati linapata kutu, Mama, lakini hizi…"

Mama Auleria akazitazama nyasi. Akamtazama mwanawe. Akaleta ngazi, akaiegemeza ukutani.

"Panda," alisema.

Yustus akapanda, akaanza kupachika nyasi huku akiusifia mfumo kutoka juu. Alikuwa bado anausifia tone la kwanza lilipomgonga utosini. Akageuka ashuke. Ngazi haikuwapo.

"Mama! Mvua! Nipe ngazi!"

Ndani ya nyumba kulisikika chungu kikifunuliwa na kufunikwa.

"Endelea kueleza, mwanangu," alisema Mama Auleria. "Nakusikiliza."