Mapipa Manne na Safari ya Ujerumani

Jumapili, 7 Julai 1996

Evaristo amesimama tena mbele ya altare. Ilikuwa baada ya matangazo, waumini wamekwisha kuinuka waende zao. Walipomwona wakaketi. Mimi nikifundisha habari za Kwaresima hawaketi hivyo.

Habari ni ileile: Ujerumani. Parokia rafiki ilimwalika mwaka jana, akakaa huko mwezi mzima, na mpaka leo ni mwili tu uliorudi. Safari hii ametueleza juu ya takataka. Ati kule kila nyumba hutenganisha: karatasi mbali, chupa mbali, makopo mbali, mabaki ya chakula mbali. Ati mtoto akikosea pipa, bibi wa jirani hutoka nje kumkemea. Waumini wakaguna kwa mshangao. Mke wangu Kandida naye akaguna. Nilimsikia.

Ikumbukwe kwamba Evaristo huyu nilimfundisha katekisimu mimi. Sakramenti saba alizitaja sita. Nilimpitisha kwa huruma.

Kisha Paroko akasema jambo lililonifanya nikae wima. Mama Hildegadi wa parokia hiyo rafiki atatutembelea tarehe 21. Ataziona jumuiya zetu, yaani nyumba zinazosali pamoja mtaa kwa mtaa, aone zimejifunza nini katika usafi. Baada ya hapo atashauriana na Paroko nani aende Ujerumani mwakani.

Nimerudi nyumbani, nimepiga magoti, nimemwomba Mungu aniondolee wivu. Nikiwa bado magotini nikakumbuka kwamba Yeye mwenyewe amejiita Mungu mwenye wivu. Nikainuka. Mwakani nakwenda mimi.

Jumanne, 9 Julai

Mapipa manne yamepatikana. Yalikuwa ya oili, kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mwenye mashine alikataa kuyatoa kwa baraka peke yake, nikamwongezea gunia la mpunga. Kandida hajaarifiwa.

Nimeyapaka rangi na kuyaandika kwa mkono wangu. Jekundu la chupa, bluu la makopo, kijani la karatasi, njano la mabaki ya chakula. Yamesimama njia panda, mbele ya nyumba yangu hapa Lumemo, kama Wainjili wanne. Nikaita jumuiya, nikawaeleza kwa utulivu na kwa kirefu. Wote waliitikia kwa vichwa isipokuwa Kandida, aliyeuliza mbele ya watu kama ni nyumba gani hapa mtaani inayobakiza chakula. Nikamjibu kwamba maendeleo hayaanzi kwa maswali.

Evaristo akapita na baiskeli. Akashuka, akaniamkia shikamoo kwa adabu zote. Ni vigumu sana kumchukia mtu anayekuamkia vile. Akayazunguka mapipa, akayasifu, kisha akasema taratibu, “Ila kule, Mwalimu, yana vifuniko.”

Nimekosa hamu ya chakula. Kandida amesema basi kile nilichobakiza nikapeleke kwenye pipa la njano.

Alhamisi, 11 Julai

Matupu. Yote manne. Ndani ya la kijani kulikuwa na mjusi.

Hii ni hujuma. Nikachukua kitabu cha Zaburi, nikaketi kibarazani kama mtu anayesali, nikalinda. Nilichokiona nakiandika bila chumvi. Mtu alikuja na chupa, akaitia katika jekundu, na kabla hajafika mbali Sada, yule muuza mafuta ya taa, alikwisha kuichukua na kuipangusa kwa khanga. Karatasi zikabebwa na wauza karanga. Maganda ya ndizi yaliliwa na mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma kama mtu anayesoma tangazo.

Makopo yalichukuliwa na Mashimba, fundi wa vibatari. Huyo nilimwita. Nikamuuliza, kwa ukali unaofaa, kwa nini anaiba mali ya jumuiya. Alishangaa kweli kweli. “Mwalimu, si umeandika MAKOPO? Nami ndiye fundi makopo. Nikajua Mwalimu amenikumbuka. Jana nimekuombea.”

Nimetafakari. Sada ni jirani wa shangazi yake Evaristo. Mambo yako wazi.

Jumamosi, 13 Julai

Nimepata dawa: vifuniko, na juu ya kila kifuniko kufuli. Mashimba ametengeneza vyote kwa debe la mpunga. Funguo nimezivaa shingoni pamoja na rozari.

Sasa hakuna awezaye kuiba. Asubuhi nzima nimeyatazama mapipa yangu kwa amani. Mchana akaja mama mmoja na kopo la maziwa ya mtoto, akalizunguka la bluu, akatikisa kufuli, akaniita. Nilikuwa usingizini. Akaondoka na kopo lake. Kandida ameniambia kwamba pipa lisiloweza kuibiwa wala kutiwa kitu ni kama sanamu, na katekista asiwe na sanamu njia panda.

Lakini kweli, mgeni hatakuja kutazama hewa. Nimemwendea Mashimba tena. Ameniazima magunia mawili ya makopo kwa debe jingine. Sada naye ameniazima chupa zake zote. Wote wawili nimewaomba wakae kimya. Mashimba ameuliza mara mbili kama nina hakika nataka makopo yenyewe na siyo vibatari. Nimesema makopo. Akanitazama kama watu wanavyomtazama mgonjwa anayetoka hospitali kabla ya kupona.

Jumatano, 17 Julai

La kijani nimelijaza daftari zangu za zamani za katekisimu; limebaki pipa la njano. Jumuiya nzima haijatoa hata ukoko. Nikamwambia Kandida apike wali sufuria kubwa na samaki, na tusimalize.

Aliweka mwiko chini. Akauliza kama amesikia vizuri: apike chakula ili kiwe takataka. Nikamwambia ndivyo wafanyavyo walioendelea. Akasema, “Baba Levina, mpunga huu nimeupalilia kwa mgongo huu.” Kisha akaniuliza gunia lililopungua ghalani limekwenda wapi. Nikakumbuka kwamba nina mgonjwa wa kumtembelea.

Hata hivyo alipika. Nimetia wali, samaki, maji kidogo ili lionekane limejaa. Nimefunga kifuniko kwa nyundo kwa ajili ya nzi, kisha kufuli. Jua kali. Hakuna mdudu aliyepita.

Ijumaa, 19 Julai

Nimekwenda kuchunguza jumuiya ya Evaristo. Nimepita kama mtu anayetafuta mbuzi wake.

Hakuna pipa. Hata moja. Nilitaka kucheka, nikajizuia kwa ajili ya heshima. Alichofanya mwenzangu aliyefika Ujerumani ni kuwaomba wenye mashine za kukoboa ule mlima wa pumba, unaofuka moshi mwaka mzima na kuwakohoza watoto, akawapelekea wafyatua matofali. Wanachomea matofali tanurini. Matofali ni ya darasa jipya la katekisimu.

Akaniona. Shikamoo, karibu Mwalimu. Nikamuuliza mapipa yako wapi. Akasema aliporudi alikwenda nyumba kwa nyumba, akaona chupa ina mwenyewe, kopo lina mwenyewe, hata gazeti lina mwenyewe, kitu pekee kisicho na mwenyewe ni pumba. Kule alichojifunza, akasema, ni kuuliza kwanza nani anakihitaji kitu.

Matofali! Hayana hata rangi. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi wa wimbo wa Pasaka, ijapokuwa si majira yake. Safari ni yangu. Nimemwambia Kandida atafute koti langu la ndoa.

Jumapili, 21 Julai

Nitaandika kwa ufupi.

Mama Hildegadi amefika na Paroko akimfasiria. Mwanamke mrefu, mcheshi, wa umri wangu. Umati mkubwa. Evaristo nyuma yao. Nimefungua jekundu. Chupa zimejaa, zinang'aa. Akauliza kwa nini zote zinanukia mafuta ya taa. Nikasema ni desturi ya eneo hili. Nimefungua bluu. Akasifu. Akauliza yakijaa yanapelekwa wapi.

Swali hilo sikuwa nimelitazamia. Nikasema yanapelekwa panapohusika. Akaomba apaone panapohusika.

Hapo ndipo Mashimba alipojipenyeza katikati ya watu na gunia tupu begani, akaniuliza kwa sauti ambayo yeye huiona ya chini, “Mwalimu, mgeni ameshaona? Nirudishie makopo yangu, nina vibatari vya watu.” Paroko akafasiri. Hakuwa na haja ya kufasiri.

Nikaharakisha kwenda kwenye la njano ili kuokoa siku. Kifuniko kilikuwa kimevimba kama shavu la mwenye jino. Nikafungua kufuli. Sikukiinua mimi, kiliinuka chenyewe. Kikaruka mpaka kwenye mpapai wa jirani. Yaliyofuata yakampata Paroko kwenye kanzu nyeupe, yakampata mgeni kwenye miwani, nami yakanipata mzima mzima. Harufu ikatanda mtaani. Wazee wawili wakavuta pumzi kwa utambuzi. Mmoja akaniuliza kwa heshima, “Mwalimu, pombe imeiva au bado unaichachua?”

Mtaa mzima ulicheka. Evaristo hakucheka. Alileta maji. Hilo ndilo sitamsamehe.

Kandida akamchukua mgeni uani kumsafisha. Wakakaa huko muda mrefu, Paroko akifasiri kutoka bafuni alikokuwa akifua kanzu. Nilisikia vicheko. Nilisikia mgeni akiuliza mwenyeji wake amejifunza nini, na Kandida akijibu, “Nimejifunza kupika cha kumwaga.” Vicheko tena. Hatimaye wakaenda kutazama tanuri la Evaristo mpaka jua likazama.

Jumanne, 23 Julai

Paroko amekuja nyumbani. Nilivaa koti la ndoa.

Akaanza kwa kusema kwamba Mama Hildegadi alipendezwa na matofali, na kwamba Evaristo ameombwa arudi tena, lakini amekataa, kwa sababu tanuri halijakamilika na tena zamu si yake. Moyo wangu ukaruka. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikangoja jina.

Akaendelea. Kwao kule, mama huyo alieleza, ni wanawake walioanza kazi ya kutenganisha taka, na wanaume waliwacheka miaka mingi. Basi ameomba safari hii aende mwanamke. Naye amekwisha kumchagua.

Nikainua kichwa. Paroko hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akimtazama Kandida, aliyesimama mlangoni na ungo wa mchele.

Kandida alicheka, kisha akaona ni kweli, akaketi chini na ungo wake. Akauliza, “Baba Levina atakula nini?” Paroko akasema atakula alichobakiza.

Jumapili, 28 Julai

Leo baada ya matangazo Kandida ameitwa mbele. Mke wangu. Amesimama palepale anaposimama Evaristo, akasema maneno machache juu ya safari atakayokwenda, na waumini waliokwisha kuinuka wakaketi. Wakaguna kwa mshangao kabla hata hajaona chochote. Amesema vizuri. Nimeandika makosa yake mawili ili nimwoneshe nyumbani.

Njiani kila mtu alimpa mkono yeye kwanza. Kisha mimi, kama apewavyo mkono mbeba mizigo. Hata Evaristo alimwamkia mke wangu kabla yangu.

Nimepiga magoti. Nimeomba kwa dhati. Na sala yangu imejibiwa upesi, kwa kuwa nikiwa bado chini nimesikia kwenye redio ya jirani kwamba kuna Wajapani, na kwamba hao hutenganisha takataka kwa namna nyingi kuliko Wajerumani. Kandida akirudi na habari zake za Ujerumani, atanikuta nimekwisha kufika Japani bila kutoka Lumemo.

Kesho alfajiri naenda kwenye mashine. Nahitaji mapipa kumi. Ghalani bado kuna gunia la mbegu.