Siku Tano Zisizo na Kodi

Ijumaa, Pagume 1
Mwezi wa kumi na tatu umeanza. Siku tano tu, na hapa Addis Ababa hakuna mwenye nyumba anayetoza kodi kwa siku hizo. Nimemkumbusha Mama Abonesh, mwenye chumba chetu, kwamba Pagume si mwezi. Amekubali upesi mno.

Zenebech, mke wangu, katoa amri: kufikia Mwaka Mpya niseme, tunanunua au tunaendelea kupanga. Miaka kumi na moja anaoka injera, mkate wetu wa kila siku, kwa jirani, maana Mama Abonesh hataki umeme wake uguswe. Sasa kaiona nyumba ya Mzee Wondirad, vyumba viwili na ua, hali wala halali. Na mimi naitaka, ila kwa bei yangu. Mpango: mama nimtishe kwamba nanunua, mzee nimtishe kwamba naendelea kupanga. Nani kama mimi?

Jumamosi, Pagume 2
Asubuhi nimemwambia Mama Abonesh nahama, labda akipunguza kodi nitafikiria upya. Kanipa hongera. Mchana nimekwenda kwa Mzee Wondirad "kukagua" paa. Nikalegeza bati moja juu ya sebule. Kesho mvua inyeshe, nitazame juu kwa masikitiko, bei ishuke. Nimeteguka kidole. Si kitu.

Jumapili, Pagume 3
Mvua imenyesha. Nilifika na Zenebech, nikanyoosha kidole: mzee, nyumba yako inavuja!

Nilisahau kitu kimoja. Leo ni sikukuu ya malaika Rufaeli. Mvua ya leo ni baraka, watoto wa mtaa mzima walikuwa nje wanaoga. Mzee akapiga magoti pale pale, akasema miaka arobaini Rufaeli hajawahi kumfikia hadi ndani. Majirani wakaja na vikombe. Kufikia saa tisa foleni ilikuwa imefika langoni. Zenebech kasimama chini ya tundu langu, kichwa wazi, analia kwa furaha. Mzee kaniambia bei ya jana niisahau, nyumba iliyobarikiwa haiuzwi kama ghala. Nimerudi nimelowa chapachapa.

Jumatatu, Pagume 4
Mama Abonesh kaingiza wapangaji wapya kukitazama chumba, mimi bado natafuna. Nikauliza kulikoni. Akasema, si unahama, mwanangu Belachew? Nikasema bado, na nina haki yangu ya Pagume. Akacheka mpaka akashika mlango. Eti nilisema mwenyewe Pagume si mwezi. Basi kodi yangu iliisha mwezi uliopita, Nehase tarehe thelathini, na tangu Ijumaa mimi ni mgeni wake tu. Mgeni huyo aage kesho.

Jioni Zenebech anafunga vyombo. Kikaango chake cha injera, ambacho hajawahi kukiwasha kwake, kakiviringisha kwenye blanketi taratibu kama mtoto mchanga. Nimeona haya. Kidogo.

Jumanne, Pagume 5
Nimekwenda kwa mzee kumwangukia, anipe bei yoyote. Akasema nyumba imeshauzwa. Nimeipoteza nyumba ya mke wangu kwa ajili ya bati moja!

Nikarudi. Nikamkuta Zenebech kakaa juu ya mizigo. Nikaungama yote, hata bati. Akasema la bati aliliona. Jumamosi hiyo alikuwa uani kwa mzee akipima mahali pa jiko. Ijumaa aliponiona natabasamu peke yangu, alijua nimeanza, akaenda kununua nyumba siku hiyo hiyo kwa fedha zake za upatu. Bei ya Jumapili mzee alikuwa ananitania. Nilimkumbatia Zenebech, nikabeba mzigo wa kwanza.

Jumatano, Meskerem 1
Mwaka Mpya. Injera ya kwanza imeiva, ina matundu mazuri, na Zenebech anaimba kwa sauti ambayo sijaisikia tangu harusi yetu. Nimelia, nakiri. Hati ina jina lake tu. Kaniambia kwa upole kwamba nitachangia kila mwezi kama mpangaji mwingine yeyote.

Nikamwambia, kwa sauti ya mtu asiye na haraka, kwamba kuna chumba kizuri mtaa wa pili nakifikiria, labda akinipunguzia. Hakubisha. Sasa hivi yuko chumbani na dalali, anamwonyesha upande wangu wa kitanda. Nadhani analegea.