Ngome Iliyofuka Moshi Kagondo

Jumatatu, 8 Juni 1953
Miembeni, Bukoba. Bahati imenikumbuka. Ta Lameki, mzee wetu wa Izimbya, anapokea wageni kutoka Mwanza, na wanataka kuona ngome ya Mjerumani na mashamba ya kahawa ya zamani. Nikajitolea kuwatembeza kabla hajamaliza kusema. Philbert naye akajitolea, lakini baada yangu. Sote tunamtaka Kokuhirwa, binti wa mzee, na mzee hajatamka lolote. Philbert ana baiskeli. Mimi nina akili.

Jumanne, 9 Juni
Bomani, kuomba ruhusa. Mapambo ya kutawazwa Malkia bado yananing'inia. Karani akauliza mimi nani. Nikasema mtaalamu wa ngome. Akaniambia nisubiri nje. Nimesubiri mpaka wamefunga. Ruhusa kapewa Philbert, kwa sababu tarishi ni kaka yake. Nimempelekea Ta Lameki salamu kwamba ile ya bomani ni ngome ya juzijuzi tu, mimi ninayo ya zamani zaidi, Kagondo. Amefurahi. Sasa natakiwa kuipata.

Jumatano, 10 Juni
Nimeipata. Ni tanuri la matofali la baba mdogo Aristides. Kuta nene, na chini kuna matundu ambayo nitayaita vyumba vya wafungwa. Baba mdogo aliuliza wafungwa walipitaje kwenye tundu linalomshinda hata mbuzi. Nikamjibu kuwa Wajerumani walikuwa wakali. Mibuni yake nayo nimeipandisha cheo: tangu leo ilipandwa na gavana. Amekubali, ila nisiguse migomba.

Ijumaa, 12 Juni
Baba mdogo alisahau, akawasha tanuri alfajiri! Tumefika na wageni, ngome inafuka moshi kila tundu. Nikaeleza kuwa ilipigwa mizinga wakati wa vita na haijazimika hadi leo. Mama mmoja mwenye mwavuli akauliza mbona kuna mzee anachochea kuni. Nikasema serikali inatunza kumbukumbu. Ta Lameki alicheka mpaka akakaa chini. Sijawahi kumfurahisha mtu kiasi hicho.

Kisha baba mdogo akaleta kahawa ya kutafuna, kama ilivyo heshima kwa mgeni. Nikaona buni moja yenye punje mbili zilizolingana kama pacha. Hapo hapo nikapata wazo la kuwaonyesha wageni jinsi Wahaya wanavyofunga udugu, na papo hapo nimfunge Ta Lameki upande wangu. Akakubali huku bado anacheka. Tukachanjwa kidogo kando ya kitovu, kila mmoja akameza punje yenye damu ya mwenzake. Wageni wakapiga makofi. Philbert, aliyekuja na baiskeli yake kunichungulia, alipiga makofi kuliko wote. Wivu huo.

Jumapili, 14 Juni
Izimbya, na suti ya kuazima. Nikamwomba Ta Lameki binti yake. Akanitazama kwa upole, akauliza binti wa ndugu yako ni nani kwako. Nikasema ni binti yangu. Halafu nikasikia nilichosema.

Kokuhirwa akaletwa. Akapiga magoti na kuniamkia kama baba yake mdogo, akijibana asicheke. Ta Lameki akasema Jumamosi watu wa Philbert wanakuja kuposa, na mimi kama ndugu yake nikae upande wa wazazi wa binti. Nimerudi juu ya lori la magunia ya kahawa. Nimeumia. Nampenda kweli yule msichana, na nimejifungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumatatu, 15 Juni
Leo nimeamka mtu mpya. Kosa langu halikuwa wazo, lilikuwa mtu niliyemchagua. Nimeshinda kwenye mibuni ya baba mdogo nikipasua buni moja moja, na jioni nimepata nyingine yenye punje zilizolingana kama zile pacha. Philbert akishakuwa ndugu yangu, binti yangu ni binti yake, na Jumamosi tuone ataposa nini. Nimempelekea ujumbe aje Kagondo kesho. Nimemwambia nimegundua ngome nyingine.