Ada ya Matone ya Mama

Jumatatu, 3 Machi
Dada kapiga simu. Jicho la mama, lile moja lililobaki, limeingia ukungu. Daktari anataka matone yaanze wiki hii hii. Elfu ishirini. Ninazo! Nimechonga funguo mpaka vidole vimeota sugu. Lakini wakala wa pesa, jirani yangu wa kibanda, akate elfu nzima kwa kubonyeza simu tu? Thubutu! Nitatuma kwa kripto, hizi pesa za mtandaoni zisizopitia kwa wakala. Kuna mwalimu, jirani wa dada, huzinunua kwa pesa taslimu.

Jumanne, 4 Machi
Wazo! Kwa wakala, ukituma kidogo unakatwa kidogo. Basi nimezigawa elfu ishirini vipande kumi. Simu ikauliza: ada ya haraka au ya polepole? Haraka ya nini? Polepole. Nimemtazama wakala kwa huruma. Maskini, biashara yake imekwisha.

Alhamisi, 6 Machi
Hakijafika hata kipande kimoja. Nikamwambia dada pesa ziko njiani. Akauliza ni njia gani hiyo. Wakala, bila kuombwa, akajitia ualimu: wenye ada kubwa hupita mbele, wa bei poa hukaa foleni. Tena ada haitazami ukubwa wa pesa. Teksi ni ileile, ubebe gunia au yai. Eti mimi nimekodi teksi kumi kubeba mayai kumi! Nikamwambia ashike yake. Sijala mchana.

Jumatatu, 10 Machi
Vimefika! Kila kipande kimeliwa na ada zaidi ya nusu. Mwalimu kampa dada elfu nane. Zilizobaki dada kakopa, ndipo matone yakanunuliwa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumatano, 12 Machi
Tumechelewa. Mama haoni tena. Nimelia kibandani, mteja akadhani ni vumbi la chuma. Mama kaniletea salamu kupitia dada: hanilaumu, nisijisumbue na pesa. Anataka niende tu, aupapase uso wangu. Ee Mungu, mama yangu.

Ijumaa, 14 Machi
Nimepata nauli ya kwenda na kurudi. Ghali mno! Nikafikiri, nikapata njia. Nimevaa shati alilonishonea mama, nikapiga picha ya karibu, uso mzima, nikamtumia dada amwonyeshe. Ada? Hata senti! Nauli yote nimenunulia kripto ya kumtumia mama, safari hii vipande vitano tu.

Dada ameifungua picha tangu asubuhi. Hajajibu. Mtandao wa kwao nao!